Hondohondo Uani kwa Mzee Bakari

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimetoka saa kumi na moja u nusu, mara baada ya sala. Siku ya arubaini na moja ya kutembea kwa amri ya daktari. Sukari bado iko juu. Goti bado linalia. Daktari bado ana umri wa wanafunzi wangu.

Kutembea bila kazi siwezi. Nimefundisha miaka thelathini na nne, sijapata kwenda mahali bila daftari. Ndiyo maana nahesabu ndege. Darubini ni ya marehemu mume wangu, afisa wa uvuvi, aliyekuwa akiwachungulia wavuvi wenye nyavu haramu. Sasa inachungulia tetere.

Leo: tetere saba kwenye waya wa umeme. Shore wengi, kelele tu. Chozi mmoja kwenye ua la mgomba, nyuma ya jiko la Riziki, jirani yangu anayeuza mahamri. Yangeyange kumi na mmoja kwenye uwanja wa shule, wamejipanga vizuri kuliko darasa lolote nililopata kulishika. Kunguru siwahesabu. Wezi.

Kubwa la leo: hondohondo wawili, dume na jike, uani kwa Mzee Bakari seremala. Nyuma ya baraza yake upo mti mmoja wa mbambakofi, mnene, wa zamani, una tundu juu kidogo ya dirisha la chumba chake. Jike aliingia, akatoka, akaingia tena, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Dume alisubiri nje na mdomo wake mwekundu. Kesho narudi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jike hatoki tena. Amekandika mlango kutoka ndani, kwa tope na mavi yake, ukabaki ufa wa upana wa kidole. Dume anasimama nje na kupitisha matunda kwenye ufa ule. Nilikuwa nimesoma habari hizi vitabuni. Kuona ni kitu kingine.

Nimemwelewa jike yule. Eda yangu ilikuwa miezi minne na siku kumi, chumba kimoja, Riziki akinipitishia uji mlangoni. Ila mume wa huyu yu hai na anamletea tunda. Nimeona wivu. Mtu mzima, kumwonea ndege wivu.

Tatizo ni moja. Tundu linaonekana vizuri kutoka mahali pamoja tu, kwenye uzio wa Mzee Bakari, mkabala na baraza yake. Naye huwa hapo kila alfajiri na mswaki wake. Huwezi kusimama mbele ya nyumba ya mtu kimya. Kwa hivyo nasalimu, na salamu nazirefusha. Leo nimeuliza afya yake, mgongo wake, watoto wake walioko Mombasa, mbuzi wake, na hali ya paka. Dakika kumi na mbili. Dume alikuja mara mbili.

Habari ya ndege sikumwambia. Msambweni ukimwambia mtu mmoja kabla jua halijatoka, adhuhuri wako watoto ishirini na manati.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimempelekea Mzee Bakari sahani ya vitumbua. Shukrani ya kutumia uzio wake. Sikusema ni shukrani ya nini.

Amefurahi kupita kiasi. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, nadhani hapati vitumbua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sahani imerudi. Changu wawili wa kukaanga juu yake, na kipande cha ndimu.

Kwetu mtu hamrudishii mwenzake sahani tupu. Ni kama kumfungia mlango usoni. Kwa hivyo sasa ni zamu yangu.

Jumapili, 19 Oktoba

Sahani haijapumzika. Mimi kaimati, yeye papai. Mimi mkate wa kumimina, yeye viazi vya nazi. Nusu ya vitu hivi daktari amenikataza. Nampa Riziki. Riziki anakula huku akinitazama.

Mzee Bakari amevaa kanzu. Saa kumi na mbili asubuhi, fundi seremala, kanzu nyeupe imepigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono. Nilidhani anakwenda msibani. Nikampa pole. Akasema hapana, yuko tu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kanzu tena. Marashi nimeyasikia kutoka barabarani. Nimeogopa yatamfukuza dume, lakini dume amekuja, na jongoo mdomoni.

Mzee Bakari ameukata uzio upande ninaosimama, ukashuka kufikia kifua. Ameniwekea na kigoda, kipya, kazi yake mwenyewe. Mtu mwema sana huyu. Kosa lake ni moja, anasimama mbele ya tundu. Leo nimemwomba asogee kushoto kidogo. Akasogea. Nikainua darubini. Akavuta tumbo ndani.

Sikuelewa kwa nini. Nimeandika tu.

Jumatano, 29 Oktoba

Watu wamekuwa wapole kwangu. Wanaume wa kijiweni wamenyamaza nilipopita, halafu wote wakanisalimu kwa pamoja. Bibi mmoja nisiyemjua ameniombea dua. Riziki ameniuliza kama napenda rangi ya hina nyeusi au nyekundu. Nimemwambia sijapaka hina tangu marehemu alipofariki, aniache nitembee.

Dume: safari tano kwa nusu saa. Ufa haujapanuka. Mdomo wa jike nimeuona vizuri. Nimefurahi siku nzima.

Ijumaa, 7 Novemba

Kaka Kassim amepiga simu kutoka Shimoni. Shikamoo kaka, marahaba, halafu kicheko. Wazee watatu walimfuata baada ya sala ya Ijumaa. Wameleta posa.

Posa ya nani, nikauliza, maana wasichana wote wa ukoo wetu wameshaolewa.

"Yako, Mwanasiti. Mzee Bakari seremala. Nimewapa maneno mazuri."

Nilitaka kukaa chini. Nikakuta nimeshakaa.

Jumamosi, 8 Novemba

Sikutembea. Nimeona haya na nimekasirika, sijui kipi kilitangulia.

Nimeufungua ushahidi kama mtihani wa mwanafunzi. Mwanamke mjane anasimama mbele ya nyumba ya mwanamume aliyefiwa na mke, kila alfajiri, mwezi mzima. Anamwuliza mpaka hali ya paka. Anampelekea sahani, sahani inakwenda na kurudi mara kumi na moja. Anainua darubini kuelekea dirisha la chumba cha kulala. Anamwambia asogee ili amwone vizuri.

Nimemsahihishia. Kumi juu ya kumi. Hata mimi ningeleta posa.

Jumapili, 9 Novemba

Riziki amekuja na habari, na mahamri ya moto asiyopaswa kunipa. Kwamba Mzee Bakari anataka kutengeneza kitanda cha harusi, cha nguzo na nakshi, kama vile vya zamani. Kwamba mbao za kununua hazitaki. Kwamba ule mbambakofi wa uani ameutunza miaka yote, amewanyima wenye hoteli za Diani waliotaka milango, akisema mti ule una siku yake. Kwamba siku yake imefika. Kibali cha chifu anacho. Mtu wa msumeno wa mashine anakuja Alhamisi kutoka Kinango.

Riziki amesema haya yote kama mtu anayeleta zawadi.

Jike yumo ndani. Kitabu kinasema wakati huu amenyonyoka manyoya ya mbawa, hawezi kuruka hata ukimfungulia mlango. Huenda na makinda wameshaanguliwa. Mti ukianguka, wanaanguka nao.

Na mti unaangushwa kwa ajili yangu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempigia Kassim. Nimemwambia jibu ni hapana, alipeleke leo. Amekataa. Posa haijibiwi mbiombio, amesema, hata ya kukataa inataka Ijumaa mbili, watu wasione kama umemtemea mtu mate. Nikamwambia habari ya ndege.

"Unataka nimwambie mtu mzima kwamba ulikuwa ukitazama ndege."

Ndiyo.

"Mimi siwezi. Na wewe usiende. Mwanamke hajibu posa yake mwenyewe getini."

Amekata simu. Kaka yangu wa pekee. Nimemtukana kidogo, peke yangu, kwa sauti ya chini.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepita upande wa pili wa barabara, ushungi umeshuka mpaka machoni. Mzee Bakari alikuwa barazani anapima shina la mbambakofi kwa kamba. Aliniona. Alisimama wima. Nikaongeza mwendo, goti likapiga kelele, nikaendelea.

Ndege leo: sifuri. Sikutazama.

Nikinyamaza, adabu zangu zinabaki salama na jike anakufa. Nikisema, namwaibisha mtu aliyenikatia uzio wake. Sipendi hata kimoja. Nimejaribu kutafuta cha tatu, tangu asubuhi mpaka magharibi, sikukiona.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda.

Kanzu, kofia, marashi. Amenikaribisha kwenye kigoda. Sikukaa, ningekaa nisingesema. Nimempa darubini. Nimemwonyesha tundu, nikamwambia atazame pale, asiishushe, asubiri.

Hakujua kuishika. Nimemgeuzia. Akatazama. Dume alikuja na tunda jekundu, akagonga, mdomo wa jike ukatoka ufani, ukapokea, ukarudi. Dume akaja mara ya pili. Bado anatazama. Miaka yote ameishi chini ya mti ule na hakujua kuna mtu juu.

Halafu akashusha darubini.

"Kumbe ulikuwa ukimtazama huyu."

Nimesema ndiyo.

"Siku zote."

Siku zote.

Nilitaka kuongeza kwamba mgongo wake niliuuliza kwa dhati, hata paka.

Akaingia ndani. Akarudi na sahani yangu, ile ya maua ya buluu. Ameiosha vizuri, ameifuta kwa kitambaa. Amenipa kwa mikono miwili.

Tupu.

Nimerudi nayo nyumbani, naificha chini ya buibui kama kitu cha kuiba. Sikulia. Kidogo tu.

Habari ya msumeno hakusema neno. Nami sikuuliza.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa mbili kasoro nimeusikia msumeno. Nilikuwa nikipiga deki. Nimetoka na kanga moja kiunoni na moja kichwani, mguu mmoja kandambili ya buluu, mwingine ya kijani. Sijakimbia tangu mashindano ya walimu. Leo nimekimbia, mbele ya kijiwe kizima, na hakuna aliyenisalimu, wote waliruka kando.

Mbambakofi umesimama.

Mtu wa Kinango alikuwa akikata mnazi. Mnazi mkavu, ulioanguka zamani kando ya choo. Mzee Bakari amesimama kando yake na mikono mgongoni, hana kanzu, shati la kazi, vumbi kichwani. Amesema bila kunitazama kwamba mtu ametoka Kinango, si uungwana arudi bila kukata kitu.

Nimesema salaam aleikum. Amejibu. Nimerudi polepole, nimeshika goti.

Ijumaa, 21 Novemba

Kassim amepiga simu. Mzee Bakari ameiondoa posa mwenyewe. Amewaambia wazee kwamba aliharakisha, kwamba kosa ni lake, kwamba Mwalimu hakufanya neno lolote baya. Kassim amefurahi, mambo yamekwisha bila aibu.

Bila aibu ya nani. Ameibeba yote yeye, na mimi nimeachiwa mikono mitupu. Ningependa angenikasirikia. Hasira ningejua namna ya kuijibu.

Natembea upande wa pili wa barabara. Ndege nawatazama kwa mbali, tundu silioni vizuri, naona tawi na nusu ya dume. Kiti cha Mzee Bakari kimegeuzwa. Zamani kiliitazama barabara. Sasa kimeipa barabara mgongo.

Jumatano, 26 Novemba

Riziki ameniletea kipande cha msasa, kile kikaratasi cha kulainishia mbao, kimekunjwa mara nne. Nyuma yake maandishi ya penseli ya seremala, mazito. Nimeyanakili:

"Saa nane mchana dume amekuja mara sita. Mara ya nne ameleta mjusi. Jike amekataa mjusi. Dume amekula mwenyewe."

Basi. Hakuna salamu, hakuna jina.

Mchana. Mimi natembea alfajiri tu, wala sikuwahi kufikiria mchana. Nimesoma mara tatu. Halafu nimechukua kalamu nyekundu, nimesahihisha nukta, na pembeni nimeandika: Je, mjusi wa aina gani? Nimemrudishia kupitia Riziki. Alipopinda kona ndipo nilipotambua nimefanya nini. Nimemwita, hakusikia.

Alhamisi, 27 Novemba

Msasa mwingine.

"Mjusi kafiri. Nukta nimeziona."

Jumatatu, 15 Desemba

Misasa imefika tisa. Naipachika kwenye daftari kwa gundi, kurasa zimekuwa nzito na zinakwaruza vidole. Mzee Bakari ana jicho. Mimi sikuwahi kuona kwamba dume anatema kokwa palepale chini ya tundu. Yeye ameona, na amezihesabu.

Leo msasa umesema jike ametoka. Amebomoa mlango kwa mdomo, saa tatu asubuhi, akasimama kwenye paa la karakana na mbawa fupi, akajinyoosha. Miezi miwili na zaidi. Nakumbuka siku yangu ya kutoka eda. Nilikwenda sokoni kununua bamia nisizozihitaji.

Mstari wa mwisho: "Makinda yameufunga mlango tena yenyewe. Ni mawili. Yana kelele."

Nimecheka peke yangu jikoni. Binti yangu wa Mombasa alikuwa hivyohivyo akiwa na miaka kumi na minne.

Jumapili, 4 Januari

Leo sijatoka mapema. Goti. Nilikuwa kibarazani nakunywa chai isiyo na sukari, nikaona mtu anakuja mbio barabarani, shati limefungwa kifungo kimoja, penseli sikioni. Mzee Bakari hajawahi kufika kwangu. Amesimama getini anahema.

"Mwalimu, wanatoka."

Goti likapona. Tumekwenda pamoja, mguu kwa mguu, saa moja asubuhi, mbele ya kijiwe, mbele ya Riziki na karai lake la mafuta. Riziki aliliacha hamri likaungua.

La kwanza lilikuwa limeshatoka, limekaa kwenye mnazi linashangaa. La pili lilikuwa nusu ndani nusu nje. Mama anaita kutoka tawini. Baba ana tunda mdomoni na hampi mtu. Likajisukuma, likatoka, likaanguka juu ya paa la makuti la karakana, likateleza mpaka ukingoni, makucha juu. Mzee Bakari alinyoosha mikono miwili kama anayedaka mtoto. Halikumhitaji. Likapiga mbawa vibaya, vibaya sana, alama tatu juu ya kumi, likafika kwenye mnazi na kumsukuma ndugu yake.

Nimepiga makofi. Yeye amefuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, ikawa mbaya zaidi, nikampa ncha ya kanga yangu.

Tumepokezana darubini mpaka saa nne. Sijui tumesalimiana saa ngapi. Nadhani tumesahau.

Jumatano, 7 Januari

Hondohondo wamehama. Jana walionekana upande wa Bodo, kwenye mikoko, Riziki amesikia kwa muuza samaki. Tundu ni tupu. Msasa wa jana ulisema hivyo, na kwamba mti ataubakisha, huenda wakarudi mwakani.

Nimeamka saa kumi. Nimepika vitumbua. Nimevipanga kwenye ile sahani ya maua ya buluu, nimeifunika, nimetoka baada ya sala. Yangeyange walikuwa shuleni, sikuwahesabu. Asubuhi ilikuwa ya baridi kidogo na harufu ya mwani.

Mzee Bakari alikuwa barazani, shati la kazi, mswaki mdomoni. Kiti amekigeuza tena. Nimekaa kwenye kigoda. Ameniuliza hali ya goti, nimemweleza kwa kirefu. Nimemwuliza paka. Paka amezaa.

Nilipoinua mkono kutafuta darubini shingoni, haikuwepo. Nimeisahau nyumbani, kwenye msumari. Sikurudi kuichukua.

Sahani nimeiacha kwake.